Mshahara umeshakatwa kodi, ritani ya nini tena?

Msimu wa ritani ukifika, swali huwa lile lile: "Kodi yangu inakatwa kila mwezi kabla mshahara haujanifikia. Sasa hii ritani ni ya nini?" Swali hilo si la kijinga. Akilijibu vizuri, mlipakodi hana haja ya kukariri kanuni nyingi, maana sehemu kubwa ya makosa ya wakati wa kujaza hutokana na kudhani kwamba ritani ni malipo. Ritani ni maelezo ya mwaka mzima: nilipata kiasi hiki, sheria inanidai hiki, nimekwisha kulipa hiki, kwa hiyo tofauti ni hii. Tofauti hiyo huweza kuwa deni, huweza kuwa sifuri, na mara nyingine serikali ndiyo inayodaiwa.

Mambo hayakuanza hivi. Uingereza ilianza kutoza kodi ya mapato mwaka 1799, waziri mkuu wake William Pitt alipokuwa akitafuta fedha za vita dhidi ya Ufaransa. Mlipakodi alieleza mapato yake mwenyewe, na makusanyo yakawa pungufu ya yale Pitt aliyotarajia. Mtu akiulizwa ana kiasi gani huku mwenye kuuliza ameshika mkoba, kumbukumbu humpungua. Kodi hiyo ikafutwa mwaka 1802, ikarudi mwaka uliofuata chini ya Henry Addington, safari hii sehemu yake ikikatwa kule kule fedha inakotoka. Kumkata mwajiriwa kila anapolipwa, kama tunavyokujua leo, kulishika baadaye sana, wakati wa Vita Kuu ya Pili: Marekani mwaka 1943, Uingereza mwaka 1944.

Kwa hiyo kuna vitu viwili vinavyoishi pamoja. Makato ya kila mwezi ni makadirio, na ritani ndiyo hesabu kamili. Mwajiri anajua anachokulipa yeye tu. Hajui kama una kibarua kingine jioni, kama unapangisha chumba, kama ulianza kazi katikati ya mwaka au kama ulichangia mfuko wa pensheni kwa hiari yako. Hayo yote hukutana mahali pamoja tu, ndani ya ritani.

Nani anatakiwa kujaza hutegemea nchi, na hapa ndipo ushauri wa rafiki aliyeko ng'ambo unapoweza kukuponza. Uingereza, waajiriwa wengi hawajazi kabisa, kwa kuwa makato ya mwajiri huhesabiwa kuwa yamemaliza kazi. Kenya, mwenye namba ya mlipakodi anatakiwa kujaza hata kama mwaka mzima hakuingiza chochote, na hapo ndipo ilipozaliwa ritani ya sifuri. Nayo ritani ya sifuri imewaletea watu wengi matatizo kwa sababu moja: ni rahisi mno kuijaza. Mtu aliyeajiriwa mwaka mzima anaona njia ya mkato, anabonyeza mara tatu, anapata uthibitisho, analala. Asichokumbuka ni kwamba mwajiri wake amekwisha kuwasilisha taarifa ya mishahara yenye jina lake. Sifuri ni tamko kwamba hukupata kitu. Kama ulipata, basi umetoa tamko la uongo, hata kama kodi yote ilikatwa na hudaiwi hata senti.

Madaraja, na hofu ya kupandishwa mshahara

Kabla ya kugusa fomu, elewa madaraja ya kodi. Nchi nyingi hutoza kwa ngazi: sehemu ya kwanza ya mapato haitozwi au hutozwa kidogo, inayofuata hutozwa zaidi, na ya juu hutozwa zaidi ya hapo. Tuchukue nchi ya kubuni. Elfu kumi za kwanza kwa mwaka hazitozwi. Elfu kumi zinazofuata hutozwa asilimia 10. Kinachozidi 20,000 hutozwa asilimia 30.

Mwenye mapato ya 24,000 atalipa kiasi gani? Wengi watasema asilimia 30 ya 24,000, yaani 7,200. Sivyo. Elfu kumi za kwanza hazina kodi, elfu kumi za pili zinatoa 1,000, na 4,000 zilizobaki zinatoa 1,200. Jumla ni 2,200, ambayo ni kama asilimia 9 ya mapato yote. Ile asilimia 30 inagusa kile kipande cha juu tu.

Ndiyo maana hofu ya kwamba "nikiongezwa mshahara nitaingia daraja la juu na nitabaki na kidogo kuliko zamani" haina msingi katika mfumo wa namna hii. Aliyekuwa na 20,000 akaongezwa 500, kodi yake inapanda kutoka 1,000 hadi 1,150. Katika zile 500 anabaki na 350. Yapo mazingira ambapo nyongeza humwumiza mtu kweli, kwa mfano pale ruzuku fulani inapokatika ghafla mapato yakivuka kiwango. Lakini hapo kinachomwumiza ni masharti ya ile ruzuku. Madaraja ya kodi hayana kosa.

Waajiri wawili, deni moja

Sasa turudi kwa mtu wetu wa 24,000, ila tumgawe. Mwajiri wa kwanza anamlipa 14,000 kwa mwaka, wa pili 10,000. Mwajiri wa kwanza anapiga hesabu yake: 10,000 hazitozwi, 4,000 zinatozwa asilimia 10, anakata 400. Wa pili anaona 10,000 tu, zote ziko ndani ya sehemu isiyotozwa, hakati kitu. Waajiri wote wawili wamefuata sheria, na mtu wetu ana amani kwamba kodi yake inakatwa. Mwisho wa mwaka ritani inajumlisha 24,000, kodi inayotakiwa ni 2,200, iliyokatwa ni 400, na deni ni 1,800 kwa mkupuo.

Hakuna aliyekosea, na hakuna aliyeibiwa. Ile sehemu isiyotozwa ilitumika mara mbili wakati sheria inaitoa mara moja. Hali hii humkuta kila mwenye vyanzo viwili: daktari wa hospitali mbili, mwalimu anayefundisha jioni chuo kingine, mstaafu mwenye pensheni aliyerudi kazini. Kama uko katika kundi hili, usingoje ritani ikushtue. Uliza mapema kama mwajiri wa pili anaweza kukata bila kukupa nafuu ile mara ya pili, au weka kando fungu lako mwenyewe kila mwezi.

Kinyume chake pia hutokea, na ndiko watu wanakopoteza haki yao kwa kutojaza. Mtu anayelipwa kwa kiwango cha 24,000 kwa mwaka anaacha kazi baada ya miezi sita na kukaa bila kipato miezi iliyobaki. Kama mwajiri alikuwa akikata kila mwezi kana kwamba mwaka mzima utakuwa hivyo, amekata 1,100. Mapato halisi ya mwaka ni 12,000, na kodi yake ni 200 tu. Kuna 900 zinazomngoja huko. Mamlaka ya mapato haiwezi kujua kwamba alikaa nyumbani miezi sita mpaka aiambie, na ritani ndiyo njia ya kuiambia.

Ukipata marejesho makubwa kila mwaka, usishangilie sana. Maana yake ni kwamba umekuwa ukiikopesha serikali fedha zako, mara nyingi bila riba. Afadhali makato yarekebishwe.

Andika jumla, si kilichoingia mfukoni

Wanaofanya kazi za mkataba, ushauri, tafsiri, upigaji picha na nyinginezo za kujitegemea wana tatizo la namna yao, nalo linaitwa kodi ya zuio. Unampa mteja ankara ya 5,000, anazuia asilimia 5, anakulipa 4,750. Zile 250 anazipeleka kwa mamlaka kwa jina lako.

Wakati wa kujaza, mtu huyu hufungua taarifa ya benki, anaona 4,750, anaandika 4,750. Kosa. Mapato yake ni 5,000. Zile 250 si gharama wala hazijapotea. Ni kodi aliyokwisha kuilipa, na zina sehemu yake maalumu katika fomu. Akiandika 4,750 na kusahau 250, analipa kodi upya juu ya mapato ambayo tayari yalitolewa kodi. Akiandika 4,750 kisha akadai 250, amepunguza mapato yake, na mashine italiona hilo mara moja, kwa sababu mteja ameripoti 5,000. Utaratibu salama ni kudai cheti cha zuio mara tu unapolipwa. Mteja wa mwezi wa pili ukimtafuta mwezi wa kumi na mbili, mhasibu wake atakuwa amehama na simu yake haipokelewi.

Hapo hapo kuna suala la gharama. Anayejitegemea kwa kawaida hutozwa kodi kwenye faida, si kwenye mauzo, kwa hiyo ana haki ya kutoa alichotumia ili kuipata faida hiyo. Swali la kujiuliza ni hili: ningetumia fedha hii kama nisingekuwa na kazi hii? Kama ndiyo, hiyo ni matumizi yako ya nyumbani. Simu unayoitumia kwa wateja na kwa shangazi igawanye kwa uwiano unaoweza kuutetea, na uwiano huo uuandike mahali. Kifaa cha kudumu, kama kompyuta au mashine, mara nyingi hakitolewi chote mwaka ulipokinunua. Thamani yake hugawanywa kwa miaka kadhaa kama uchakavu. Hapa sheria za nchi hutofautiana sana, nami nisingebahatisha.

Nafuu mbili zinazofanana kwa jina

Kuna kupunguziwa mapato na kuna kupunguziwa kodi. Watu huziita zote nafuu, na fomu nyingine zinaziweka kurasa jirani, lakini thamani zake hazilingani.

Mtu wetu wa 24,000 akipewa punguzo la 1,000 kwenye mapato, tuseme kwa mchango wa pensheni, mapato yanayotozwa yanakuwa 23,000 na kodi inashuka kutoka 2,200 hadi 1,900. Ameokoa 300. Akipewa punguzo la 1,000 kwenye kodi yenyewe, kodi inashuka hadi 1,200. Ameokoa 1,000 nzima. Kwa hiyo mtu akikwambia "changia huku, kodi inapungua kwa kiasi chote ulichochangia", muulize ni punguzo la aina gani. Kutoa 1,000 ili kuokoa 300 huenda ni jambo jema, hasa kama ile 1,000 inabaki kuwa akiba yako. Kutoa 1,000 kununua kitu usichokihitaji ili kuokoa 300 ni kupoteza 700.

Nafuu hazikujii zenyewe. Michango ya pensheni, bima, riba ya mkopo wa nyumba, ulemavu, watoto unaowalea, sadaka kwa taasisi zinazotambuliwa: kila nchi ina orodha yake, na nyingi zinataka uziandike na uwe na ushahidi. Soma orodha ya nchi yako mara moja kila mwaka, maana bajeti hubadilisha mambo. Hiyo ni nusu saa yenye malipo mazuri kuliko nusu saa nyingi za kazi.

Karatasi

Ushauri wangu wa pekee ambao ningeupigia magoti mtu aufuate ni huu: ritani ijaze mwaka mzima, kidogo kidogo. Fungua bahasha moja, au folda moja kwenye simu, na kila kitu chenye tarehe na kiasi kitupe humo. Risiti zinazochapishwa kwa joto hufifia. Ndani ya miezi michache unabaki na karatasi nyeupe. Ipige picha siku hiyo hiyo. Mwisho wa mwaka utahitaji hati ya mwajiri inayoonyesha mshahara na makato, vyeti vya zuio, taarifa za riba na gawio, mikataba ya pango, uthibitisho wa nafuu unazodai, na ritani ya mwaka uliopita. Hiyo ya mwisho wengi huisahau, ilhali ndiyo inayokuonyesha ulichokiacha nje mwaka huu.

Zitunzwe muda gani? Kenya sheria inataka miaka 5. Marekani, mamlaka kwa kawaida ina miaka 3 ya kukuhoji tangu ulipowasilisha, na 6 ukiwa umeacha nje zaidi ya robo ya mapato. Lakini kwa asiyewasilisha kabisa, muda huo hauanzi kuhesabiwa, na anaweza kuulizwa hata baada ya miaka 20. Anayedhani kwamba kukaa kimya kunamficha, ukimya huo ndio unaoacha faili lake wazi.

Huna fedha? Wasilisha hivyo hivyo

Tarehe za mwisho kila nchi ina yake: Marekani kwa kawaida 15 Aprili, Uingereza 31 Januari kwa wanaojaza mtandaoni, Kenya 30 Juni. Kila mahali, siku ile ya mwisho mitambo huelemewa. Tarehe 17 Aprili 2018, siku ya mwisho ya msimu ule, mifumo ya kulipia kodi ya Marekani iligoma, na serikali ikalazimika kuongeza siku moja. Wewe usitegemee kuongezewa.

Linalowaponza watu zaidi ya mtandao ni lile la kuona deni, kukosa fedha, na kuamua kuacha kila kitu mpaka zipatikane. Hapa ndipo kuchanganya ritani na malipo kunapogharimu. Kuwasilisha na kulipa ni wajibu mbili tofauti zenye adhabu mbili tofauti. Marekani, asiyewasilisha hupigwa asilimia 5 ya deni kwa kila mwezi, mpaka ifike asilimia 25. Aliyewasilisha lakini hajalipa hupigwa nusu asilimia kwa mwezi. Tofauti ni mara kumi. Nako huko ukiomba kuongezewa muda, unaongezewa muda wa kuwasilisha tu. Deni linaendelea kuzaa riba tangu Aprili. Viwango vya nchi yako vinaweza kuwa vingine, lakini utaratibu ni ule ule: wasilisha kwa wakati, lipa unachokiweza, kisha omba kulipa kwa awamu. Mamlaka nyingi zina utaratibu huo, na hupokea vizuri zaidi mtu aliyejitokeza kuliko aliyetafutwa.

Fomu iliyojazwa na mwingine

Denmark ilianza mwaka 1988 kuwatumia wananchi ritani ambazo serikali imekwisha kuzijaza, na nchi nyingi zimefuata. Ni raha kubwa. Ni hatari pia, kwa sababu mtu akiona namba zimepangwa vizuri hushawishika kubonyeza "kubali". Mfumo unajua ulichoripotiwa na wengine. Haujui pango ulilopokea taslimu, wala kwamba mwajiri alikosea tarakimu moja. Linganisha kila namba na hati yako kabla ya kukubali.

Hali ni hiyo hiyo kwa yule unayemlipa akujazie. Mhasibu mzuri anastahili ujira wake, hasa kama una biashara, pango au mapato ya nje ya nchi. Lakini jina lililo juu ya ritani ni lako, na uongo ulioandikwa humo ni wako. Anayekuahidi marejesho makubwa kabla hajaona hati hata moja, au anayedai ujira wake uwe sehemu ya marejesho hayo, mkimbie. Neno lako la siri usimwachie. Mifumo mingi ina njia ya kumpa wakala ruhusa bila kumkabidhi ufunguo. Na ujumbe wa simu unaosema marejesho yako yako tayari, bonyeza hapa, ufute.

Kuhusu mapato ya nje: nchi nyingi humtoza mkazi wake kwa mapato ya popote duniani, na kipimo kinachotumika sana cha ukazi ni siku 183 katika mwaka. Ukilipia kodi kule yalikotoka, dai hati ya malipo hayo, kwa kuwa mara nyingi hukatwa kwenye deni la nyumbani. Bila hati utalipa mara mbili na hutakuwa na wa kumlaumu.

Ukishawasilisha, hifadhi ule uthibitisho wenye namba na tarehe. Picha ya skrini peke yake haitoshi. Ukigundua kosa wiki mbili baadaye, mifumo mingi inakuruhusu kurekebisha ritani, na adhabu ya aliyejisahihisha kwa kawaida ni nyepesi kuliko ya aliyekamatwa. Barua ya mamlaka ikija, usiiweke chini ya rundo. Nyingi huuliza jambo moja tu: namba hii kwako na namba hii kwa mwajiri hazifanani, kwa nini? Angalia tarehe ya mwisho ya kujibu, toa ile bahasha, jibu kilichoulizwa, ambatisha nakala na ubaki na hati halisi.